Vipimo Viwili vya Kishada Kimoja

Daktari alipomwambia alale kitandani mpaka mtoto azaliwe, asiinuke ila kwa kwenda msalani, mumewe aliangua kicheko. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyeambiwa kwamba kuanzia kesho maji yatapanda mlima. Kisha akamtazama mkewe, akaona yeye hacheki, akamshika mkono.

Tangu utotoni mwanamke huyo aliitwa Kiguu. Mama yake mzazi, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyempa jina hilo, kifupi cha kiguu na njia, maana mtoto hakuwekeka. Ukimwacha hapa unamkuta kule. Alipokua hakubadilika. Alisoma akizunguka chumba, alipiga mswaki akitembea uani, na chuoni alikofundisha fizikia wanafunzi walisema ukikaa mstari wa mbele shingo itakuuma kwa kumfuata. Kazi yake nyingine, ile aliyoipenda zaidi, ilikuwa kupima umbali wa vishada vya nyota. Kishada ni nyota nyingi zilizozaliwa pamoja na zinazosafiri pamoja, kama Kilimia, ambacho yeyote mwenye macho anaweza kukiona. Galaksi yetu ina vishada kwa maelfu, na karibu kila tunachotaka kukijua juu ya kishada, umri wake, ukubwa wa nyota zake, nguvu ya mwanga wake, huanza na swali moja: kiko mbali kiasi gani?

Watu wakisikia kazi hiyo hudhani anakesha mlimani na darubini. Hakukesha. Usiku alilala kama watu wengine. Vipimo vilichukuliwa na setilaiti, vikawekwa mtandaoni kwa kila anayevitaka, naye alivichambua kwenye kompyuta yake mchana, huku ameipandisha juu ya kabati la mafaili ili afanye kazi amesimama.

Alikuwa na miaka arobaini na moja. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya hii. Hii ya tatu ilishika, lakini kondo la nyuma lilikaa chini, likaziba njia ya mtoto, na tayari alikuwa ametokwa na damu mara moja, darasani, mbele ya ubao, chaki mkononi.

"Usiniambie utajitahidi," daktari alisema. Alikuwa mwanamke mfupi, sauti yake ya kukata. "Niambie utalala."

"Nitalala."

"Na hakuna kuosha vyombo."

"Sivigusi."

"Hilo halina shida, daktari," mumewe akadakia. "Hajawahi kuvigusa."

Hata daktari alicheka.

Mumewe alikuwa fundi wa friji. Siku iliyofuata alichukua rafu ya waya ya friji bovu, akaichomelea miguu minne, akaifunika kwa ubao mwembamba. Ikawa meza ya kuwekwa kitandani, juu ya mapaja. Jioni yake akafika mama mkwe na begi moja na mito miwili ya kwake. Mama huyo alikuwa matroni mstaafu wa bweni la wasichana. Miaka yote ya kazi hiyo alikuwa amesikia kila uongo ambao msichana anaweza kuubuni ili atoke kitandani, au asitoke. Aliweka kiti chake mlangoni, akavaa kandambili, akasema, "Mwanangu, mimi na wewe tutaelewana. Ukitaka kitu, ita. Ukitaka kunidanganya, ita kwanza."

Zikaanza siku za kulala.

Ukimwambia mtu wa kawaida alale, atalala. Kiguu alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Mguu wake wa kulia ulicheza chini ya shuka kutwa nzima bila yeye kuuagiza. Alisikia karakana ya jirani ikikata chuma, akajua kwa mlio tu fundi amefika wapi. Akajua mtoto gani wa shule ya ng'ambo ya barabara anachelewa, kwa jinsi anavyokimbia. Alipanga upya, kichwani, kabati zote za nyumba hiyo. Akamwita mama mkwe na kumwambia pazia linaning'inia upande. Mama mkwe akalinyoosha. Baada ya muda akamwita tena: sasa limezidi upande wa pili.

"Pazia halina kosa," mama mkwe alisema. "Kosa liko miguuni mwako."

Kwenye fremu ya dirisha palikuwa na msumari uliosahauliwa na fundi rangi. Nyuma yake, juu ya paa la jirani, lilisimama tangi jeusi la maji. Kiguu aligundua kwamba akilaza kichwa mwisho wa mto wa kushoto, msumari unaonekana kulia kwa tangi. Akikihamishia mwisho wa mto wa kulia, msumari unaruka kwenda kushoto. Alimwonyesha mama mkwe.

"Umeona? Msumari haujatoka mahali pake. Nimehama mimi. Kitu cha karibu kinaruka sana, cha mbali kinaruka kidogo. Dunia nayo inahama hivyo, miezi sita upande huu wa jua, miezi sita upande ule, na nyota zinaruka. Ukipima mruko, unapata umbali."

Mama mkwe alijaribu, akainamisha kichwa huku na huku. "Na hizo nyota zako zinaruka kiasi gani?"

"Kidogo mno. Kama kumtazama mtu aliyeko mji wa jirani, ukaona amesogea unene wa unywele mmoja."

"Na wanakulipa kwa hilo?"

"Kidogo vilevile."

Kishada alichokuwa nacho wakati huo kilikuwa kinamnyima raha tangu kabla ya kulazwa. Alikuwa amekipima kwa njia mbili. Ya kwanza ni hiyo ya mruko, nayo ilisema kiko mbali miaka elfu tano na mia sita ya nuru. Ya pili ni ya mwanga: unachukua nyota za kishada, unazilinganisha na nyota za rangi ileile ambazo ung'avu wake wa kweli unajulikana, na kwa jinsi zilivyofifia unajua ziko umbali gani. Hiyo ilisema elfu sita na mia nne. Vipimo vyote viwili alivifanya kwa uangalifu. Alirudia. Alihesabu vumbi lililotanda katikati ya nyota, linalopunguza mwanga. Tofauti haikuondoka. Ikakaa pale, kama mgeni asiyeaga.

Mwenzake wa kazi alikuja kumwona na mfuko wa machungwa. Chuoni walimwita Miwani, kwa sababu alikuwa nayo jozi mbili, moja usoni na moja kichwani, na alizoea kuzitafuta zote. Walikuwa wamegawana utafiti huo: yeye ndiye aliyeandika programu nyingi za uchambuzi. Alikaa pembeni ya kitanda, akamuuliza hali, akamenya chungwa, kisha likamtoka lililomleta.

"Dada, makala inatakiwa mwezi ujao. Tuandike umbali gani?"

"Bado sijui."

"Kata katikati. Elfu sita. Weka kiasi cha makosa kikubwa kidogo, wote tutakuwa salama."

"Njia mbili nzuri zikikataana, kuna kitu hatujakiona."

"Kuna mtu ambaye halali," alisema Miwani, akitazama mguu unaocheza chini ya shuka. "Hicho ndicho ninachokiona."

Alipoondoka, Kiguu alifungua kompyuta na hakuifunga mpaka jioni. Siku chache baadaye muuguzi aliyekuja kumpima alikuta shinikizo la damu limepanda. Mama mkwe aliichukua kompyuta kwenye meza ya rafu, akaikumbatia kifuani, akaondoka nayo.

"Mama!"

"Mwanangu, nyota zimekaa huko tangu enzi. Hazitakimbia."

"Zinakimbia, mama! Ndiyo kazi yangu hiyo. Zote zinakimbia!"

"Basi zikimbie zenyewe. Wewe lala."

Mumewe alijaribu kumtetea. Akasema kama ni kuchoka, basi wampe kidogo tu, ila leo hata hivyo wifi imekata.

"Wifi yake?" mama mkwe akashtuka, maana binti yake alikuwa safarini. "Amekata nini?"

Mumewe alicheka mpaka akakaa chini. Kiguu hakucheka. Aliugeukia ukuta.

Usumbufu wa kulala bila kompyuta ulikuwa mbaya kuliko wa kulala nayo. Kila alipofumba macho aliviona vitone vya mchoro wake. Alijaribu kumfikiria mtoto, akaogopa, kwa kuwa mara mbili zilizopita alikuwa amemfikiria sana, hata sauti yake ya kuita akawa anaijua. Safari hii alijikataza. Hakununua hata soksi. Akili ilipomkimbia mtoto ilirudi kwenye kishada, na ilipokikimbia kishada ilirudi kwa mtoto, huku na huku, na mwili haukuwa na ruhusa ya kwenda popote.

Katika kwenda na kurudi huko ndipo swali lilipomjia. Walikuwa wamechagua wanachama wa kishada kwa mwendo wao: nyota zinazokwenda upande mmoja kwa kasi moja ni ndugu, nyingine ni wapita njia. Mchoro wa mwendo ulikuwa na lundo moja la vitone, ila lundo hilo lilikuwa limerefuka kidogo. Wao walisema ni makosa ya vipimo. Je, kama si makosa? Kama ni malundo mawili yaliyobanana? Kishada kimoja mbele, kingine nyuma yake, vimepangana kwenye mstari mmoja wa kutazamia. Nyota angavu ndizo zinazopimwa vizuri kwa mruko; zikiwa nyingi ni za kishada cha mbele, njia ya mruko itasema karibu. Nyota hafifu ndizo zilizo nyingi kwenye njia ya mwanga; zikiwa nyingi ni za nyuma, njia hiyo itasema mbali. Njia zote mbili zingekuwa zinasema kweli, kila moja juu ya kitu chake.

Alimwita mama mkwe. Hakumdanganya. Alimwambia, "Mama, nina swali linanikaba. Nikilijibu nitatulia. Nipe muda wa chakula kushuka tu."

Mama mkwe alimtazama kama alivyowatazama wasichana wa bweni. Kisha akaileta kompyuta. "Nakaa hapahapa. Nikiona jasho, nachukua."

Akakaa hapohapo, na kabla vyombo havijakauka alikuwa anakoroma.

Kiguu alichuja nyota angavu peke yake, akachora mwendo wao. Akachuja zilizo hafifu zaidi, akachora juu yake kwa rangi nyingine. Malundo mawili yalijitokeza, yamegusana bega kwa bega. Alihisi joto likimpanda shingoni. Akachukua simu amwandikie Miwani. Alikuwa ameandika maneno mawili alipohisi unyevu chini yake, na alipoinua shuka aliona damu.

"Mama," aliita polepole. Mama mkwe aliamka mara moja, kama hakuwa amelala kabisa.

Mumewe alifika na pikapu ya kazi. Nyuma palikuwa na friji la mteja limefungwa kamba, na hapakuwa na muda wa kulishusha. Wakaenda hospitali nalo, likigonga kila kona, mama mkwe nyuma amelishikilia, asijue kama analizuia friji au friji ndilo linalomzuia yeye. Kiguu alilala kwenye kiti cha mbele kilicholazwa na hakusogeza hata kidole. Mguu wake ulikuwa umetulia. Jambo hilo ndilo lililomtisha mumewe kuliko damu.

Walimpasua alasiri hiyohiyo. Mtoto alikuwa msichana, njiti, mwepesi kuliko mfuko wa unga wa kilo mbili. Alilia mara moja, sauti ya paka, akapelekwa kwenye sanduku la kioo lenye joto.

Wiki zilizofuata Kiguu aliruhusiwa kutembea. Wauguzi walimhimiza atembee, kidonda kipone. Alitembea kutoka wodini hadi chumba cha njiti, akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kioo, na hapo hakutoka. Alitazama kifua kidogo kikipanda na kushuka. Wakati mwingine kilisimama kidogo, mashine ikalia, muuguzi akagusa unyayo wa mtoto, kikaendelea. Kila mlio ulimtoa Kiguu roho na kumrudishia.

Miwani alimkuta kwenye benchi la nje ya chumba hicho. Alimpa pole, akampa hongera, akawa hajui lipi litangulie. Kisha akatabasamu.

"Nimekupunguzia mzigo. Siku ya mwisho ilifika, nikaona huna hali. Nimeituma. Jina lako ndilo la kwanza."

"Umetuma nini?"

"Makala. Ya kishada."

"Kwa umbali gani?"

"Elfu sita, kama tulivyosema."

"Ulisema wewe." Kiguu alisimama, kidonda kikamvuta, akaketi tena. "Miwani, ni vishada viwili. Kimoja mbele, kimoja nyuma. Hapo elfu sita ulipopaweka hapana nyota hata moja. Ni giza tupu."

"Umelijua lini hilo?"

"Siku niliyoletwa hapa. Nilichora, nikaona."

"Dada," Miwani alisema kwa upole, "siku hiyo ulikuwa unatokwa na damu."

Upole huo ndio uliomuuma.

"Iondoe."

"Kikao cha kupandisha vyeo ni mwezi ujao. Unajua nimekaa kwenye cheo hiki tangu lini. Tukiondoa makala tutaonekana wahuni."

"Najua. Iondoe, au niandike mimi."

Miwani alivua miwani ya usoni, akaifuta kwa pindo la shati, muda mrefu. "Na kama umekosea?"

"Basi nitakuwa nimekosea kwa jina langu."

Aliondoka bila kuaga. Aliiondoa makala mwenyewe siku hiyohiyo. Kikao cha vyeo kikapita bila jina lake.

Sasa Kiguu alikuwa na wasiwasi wa aina mbili. Mchana alikuwa mbele ya kioo, na akili ikimwambia: kama ulikosea? Ulitazama kitambo kifupi tu, ukiwa na joto kichwani, ukamkosesha mtu wa watu cheo. Hakuweza kwenda kuhakiki. Kompyuta ilikuwa nyumbani, na hakuthubutu kukipa kioo kisogo. Alipomweleza mumewe, mumewe alifikiri kidogo.

"Sijui nyota," alisema. "Ila friji likikataa kugandisha, siwezi kumwambia mteja linagandisha nusu. Nalifungua tena."

"Na ukikuta hukukosea kitu, ila umemharibia mwenye nalo?"

"Naomba radhi. Sasa kula."

Mtoto alitoka hospitali akiwa bado mdogo kama kiatu. Wiki ya kwanza nyumbani Kiguu alifungua kompyuta, mama mkwe akiwa amembeba mjukuu chini ya kanga. Mchoro haukuwa kama alivyoukumbuka. Malundo yalikuwa yamefifia, mpaka wake hauonekani vizuri, akaanza kuikagua orodha ya nyota mstari kwa mstari. Kisha akakumbuka kwamba siku ile alikuwa ametupa nyota zenye vipimo vibovu. Akazitupa tena, safari hii kwa kipimo alichokiandika kabla ya kutazama, ili macho yasimdanganye. Malundo yakarudi. Yalikuwa hafifu kuliko furaha yake ya siku ile, lakini yalikuwepo. Alijaribu kuyabomoa kwa kila njia aliyoijua. Alichanganya nyota kwa bahati nasibu na kuchora upya, mara nyingi, kuona kama malundo kama hayo yanaweza kuzuka yenyewe. Yalizuka mara chache mno.

Hakumpigia Miwani. Aliona haya. Ni Miwani aliyekuja, miezi kadhaa baadaye, bila machungwa. Mama mkwe alimfungulia mlango na kumkalisha kwenye kiti chake mwenyewe cha matroni. Miwani alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Nilitaka nikuonyeshe kwamba umekosea," alisema. "Niliandika programu mpya kabisa, sikutumia hata mstari mmoja wa zamani. Nimekaa nayo tangu ile siku."

"Na?"

"Cha mbele elfu tano na mia nne. Cha nyuma elfu sita na mia saba."

Umbali alioupata Kiguu ulikuwa elfu tano na mia tatu kwa cha mbele. Kwa cha nyuma walilingana. Kiguu alianza kuzunguka chumba na mtoto begani, akieleza, akiuliza, akikatisha maneno yake mwenyewe. Miwani akamfuata kwa shingo. Kuhusu cheo, Kiguu alimwomba radhi mara moja tu, wakati mama mkwe ameingia jikoni. Miwani alijibu, "Acha." Haikuwa msamaha kamili, wala haikuwa kukataa. Walirudi kufanya kazi pamoja, ila tangu hapo Miwani alimwita daktari, kwa shahada yake, hakumwita dada tena, na Kiguu hakuthubutu kumuuliza kwa nini.

Makala ilitoka mwaka uliofuata. Kufikia hapo kikundi kimoja cha nchi nyingine kilikuwa kimegusia jambo hilohilo kwa sentensi mbili mwishoni mwa kazi yao, kwa hiyo sifa hazikuwa nyingi. Miwani alipata cheo kikao kilichofuata, kwa kazi nyingine. Mama mkwe alirudi kwake na mito yake.

Tofauti ya mia moja kwenye kishada cha mbele Kiguu hajaipata chanzo chake. Imo ndani ya kiasi cha makosa, hakuna atakayemlaumu. Yeye anaifikiria kila siku. Ameandika kuomba muda kwenye darubini kubwa, apime kasi ya nyota hizo kutujia au kutukimbia, na jibu halijaja. Juzi mumewe alimkuta amesimama katikati ya jikoni, kijiko cha chakula cha mtoto hewani, anaangalia barua za kwenye simu kwa mkono wa pili, mtoto akikifuata kijiko kwa mdomo wazi.

"Wamejibu?"

"Bado."

Mumewe alichukua kijiko mkononi mwake, akamlisha mtoto, na Kiguu akatoka kwenda uani, simu mkononi.